ASKARI ALIYEKATAA KWENDA MSTARI WA MBELE

Wazee wetu walisema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Maana yake ni kwamba mtu aikimbiaye hatari hurudi nyumbani salama, na watu wake wakacheka naye, bali yule aliyejitosa huletewa habari zake kwa kilio. Methali hii yafaa sana katika maisha ya kila siku. Lakini jeshini, wakati wa vita, sheria haiikubali. Askari akiikimbia kazi yake huko, yawezekana kabisa kilio kikaenda kwa mwoga vile vile.

Watu wengi huuliza: Kwa nini mtu auawe na jeshi lake mwenyewe kwa sababu aliogopa? Je, hofu ni kosa? Na kama ni kosa, mbona maelfu hutoroka wakafungwa tu? Ili kuyajibu maswali haya twaeleza hapa habari za askari mmoja wa Marekani, jina lake Eddie Slovik, aliyepigwa risasi tarehe 31 Januari, 1945. Katika Vita Kuu ya Pili ni yeye peke yake miongoni mwa askari wa Marekani aliyeuawa kwa kosa la utoro.

UTORO NI NINI?

Kwanza yafaa tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Askari akitoka kambini bila ruhusa, labda kwenda kumwona mkewe au kunywa pombe mjini, kisha akarudi, kosa lake ni kutokuwapo bila ruhusa. Ataadhibiwa, lakini hahesabiwi kuwa mtoro. Mtoro ni yule atokaye akiwa na nia ya kutorudi kabisa, au atokaye makusudi ili aepuke kazi ya hatari. Basi tofauti ya makosa haya mawili ni nia iliyomo moyoni, wala si urefu wa siku. Mtu aweza kukosekana miezi miwili asihesabiwe mtoro. Na mwingine aweza kuondoka saa moja tu kabla ya shambulio, akawa mtoro kamili.

Kwa kuwa nia haionekani kwa macho, korti ya kijeshi hulazimika kuitafuta katika matendo ya mtu na maneno yake. Kwa Slovik haikuwapo haja ya kutafuta, maana aliiandika nia yake kwa mkono wake mwenyewe.

KIJANA WA DETROIT

Eddie Slovik alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan. Wazazi wake walikuwa watu maskini wenye asili ya Poland. Tangu utoto aliingia katika wizi mdogo mdogo, akafungwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1942 aliachiliwa kwa sharti la kuwa na mwenendo mwema, akapata kazi, na mwaka huo huo akamwoa msichana aitwaye Antoinette. Wote waliomjua wakati huo walisema ametulia na kuipenda nyumba yake.

Jeshi la Marekani halikumtaka hapo kwanza, kwa sababu ya vile vifungo vyake. Lakini vita vilipozidi kula watu, Serikali ililegeza masharti, na mwezi wa Januari, 1944, akaandikwa kwa lazima. Hakujitolea. Jambo hili lafaa kukumbukwa: yeye hakuutafuta uaskari, bali uaskari ndio uliomtafuta yeye.

Baada ya mafunzo alipelekwa Ufaransa, akafika mwezi wa Agosti, 1944. Alipangiwa kombania ya askari wa miguu katika Divisheni ya 28. Hakwenda pamoja na watu aliozoeana nao. Alikwenda kuziba pengo la mtu aliyekufa au kujeruhiwa. Ndiyo desturi ya jeshi la Marekani katika vita vile: askari mpya aliingizwa mmoja mmoja katika kombania ya watu asiowajua hata kwa majina. Baadaye wakubwa wengi wa jeshi waliiona hasara ya desturi hiyo, kwa maana askari hushikilia zamu yake zaidi kwa ajili ya wenzake walio karibu naye kuliko kwa ajili ya hotuba za viongozi.

USIKU WA KWANZA WA MIZINGA

Walipokuwa njiani kuitafuta kombania yao, karibu na mji wa Elbeuf, mizinga ya Wajerumani iliwashukia. Slovik na rafiki yake mmoja walijificha katika mashimo waliyoyachimba. Asubuhi wakakuta wenzao wamekwisha kwenda zao. Wale wawili wakaangukia mikononi mwa polisi wa jeshi la Kanada, wakakaa nao muda wa majuma sita hivi, wakisaidia kazi. Kwa hayo hawakushtakiwa, kwa kuwa siku zile askari wengi walipotezana na vikosi vyao.

Lakini usiku ule wa mizinga ulikuwa umeuvunja moyo wa Slovik. Walipofika kwenye kombania yao huko Ubelgiji, tarehe 7 Oktoba, alikuwa amekwisha kuamua. Kesho yake alimwendea kapteni wake, akamwambia kwamba ana hofu mno hata hawezi kupigana katika kombania ya bunduki, akaomba apewe kazi ya nyuma. Kapteni alikataa. Slovik akauliza kama akiondoka itahesabiwa kuwa ni utoro. Akaambiwa kwamba ndivyo. Akaondoka. Rafiki yake alimfuata akimsihi arudi, asisikie.

KARATASI ILIYOMWUA

Watoro wengi hujificha misituni, au katika nyumba za raia, au mijini. Slovik hakufanya hivyo. Tarehe 9 Oktoba alikwenda mwenyewe kwenye kambi moja ya jeshi lake, akampa mpishi karatasi. Humo ameandika kwamba yeye ametoroka, na kwamba akirudishwa mstari wa mbele atatoroka tena.

Karatasi ikapelekwa kwa ofisa mmoja, Luteni Kanali. Ofisa huyu alimwonea huruma, akamshauri aichukue karatasi yake aichane, kisha arudi kikosini, na jambo litakwisha. Slovik akakataa. Ofisa akamwambia basi aandike nyuma ya karatasi ile ile kwamba ameelewa kuwa maneno yale yaweza kutumiwa kumhukumu. Akaandika.

Alipowekwa mahabusi aliitwa tena, na mwanasheria wa divisheni, tarehe 26 Oktoba. Huyu alimpa nafasi nyingine: arudi kwenye kombania yake na mashtaka yafutwe, au, kama aona haya mbele ya wenzake, ahamishiwe rejimenti nyingine ambako hakuna ajuaye habari zake. Slovik alijibu kwamba amekwisha kukata shauri, na kwamba ataipokea korti.

Kwa nini alikuwa mkaidi hivyo? Wengi waliochunguza habari zake wasema kwamba alikuwa akipiga hesabu. Aliwaona watoro wengine wakifungwa gerezani, na alijua kwamba vifungo kama vile hupunguzwa vita vikiisha. Gereza kwake halikuwa jambo geni. Alikwisha kulizoea tangu ujana wake. Basi kati ya handaki lenye mizinga na chumba cha gereza, alichagua chumba cha gereza. Karatasi ile ilikuwa kwake kama tiketi ya kumfikisha huko. Hesabu yake haikuwa ya mtu mwenye wazimu. Ila alisahau kwamba katika hesabu za vita, mwenye kalamu ni mwingine.

HUKUMU

Divisheni ya 28 ilianza kushambulia katika msitu wa Hürtgen, mpakani mwa Ujerumani, tarehe 2 Novemba, 1944. Ulikuwa msitu wa miti iliyosongamana, matope, baridi na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Katika majuma yasiyozidi mawili divisheni ilipoteza watu zaidi ya 6,000, waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea. Korti ya kijeshi ya Slovik ilikaa tarehe 11 Novemba, katikati ya mauaji hayo.

Maafisa waliomhukumu walikuwa tisa. Kesi haikuchukua hata saa mbili. Slovik hakusema neno la kujitetea. Karatasi yake ilisomwa, na maafisa wakapiga kura kwa siri; wote wakakubaliana kwamba ana hatia na kwamba auawe. Mkubwa wa divisheni, Meja Jenerali Norman Cota, aliithibitisha hukumu. Baadaye alieleza kwamba kama angemwachilia, asingeweza kuwatazama usoni wale waliokuwa wakipigana na kufa mbele.

Ndipo Slovik alipotambua kwamba hesabu imekwenda kombo. Tarehe 9 Desemba alimwandikia Jenerali Eisenhower, Amiri Jeshi Mkuu wa majeshi yaliyoungana huko Ulaya, akimwomba amhurumie kwa ajili ya mkewe. Lakini tarehe 16 Desemba Wajerumani walifanya shambulio kubwa katika milima ya Ardennes, wakayavunja majeshi ya Marekani mahali pengi, na utoro ukazidi. Wakati huo haukufaa kwa mtu aombaye huruma. Tarehe 23 Desemba Eisenhower alithibitisha hukumu ya kifo.

Slovik alipigwa risasi na askari 12 katika ua wa nyumba moja huko Sainte-Marie-aux-Mines, upande wa mashariki wa Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Padri alikuwa pamoja naye, na walioshuhudia walisema kwamba alisimama pasipo kutetemeka. Mtu aliyeikimbia mizinga kwa hofu aliyakabili mauti yake kwa utulivu. Kabla ya kufa alisema kwamba hauawi kwa sababu ya utoro, maana waliotoroka ni maelfu. Bali auawa kwa ajili ya mikate na vitu vya kutafuna alivyoiba alipokuwa mtoto wa miaka 12.

JE, ALISEMA KWELI?

Kwa sehemu alisema kweli. Katika vita ile askari wa Marekani zaidi ya 21,000 walihukumiwa kwa utoro. Waliopewa hukumu ya kifo walikuwa 49, na 48 kati yao wakapunguziwa. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865, hapakuwa na askari wao aliyeuawa kwa kosa hilo. Wakubwa walioitazama kesi yake walipouangalia mwenendo wake wa zamani waliona vifungo vyake, wakahesabu kwamba gereza halitamwonya mtu wa namna hii. Ile karatasi pia ilionekana kuwa ni ufidhuli, kana kwamba mtu analiambia jeshi, "Nifungeni, maana nataka kufungwa."

Hata hivyo, yatupasa tuzisikie na hoja za upande wa pili. Jeshi laadhibu utoro kwa sababu zilizo wazi. Zamu moja ikiachwa wazi, adui huingia hapo, na walalao nyuma huuawa usingizini. Mtoro hazipunguzi hatari zilizopo. Huzihamisha tu kutoka kichwani pake na kuzitwika kichwa cha mwenzake. Mtu aliyebaki katika msitu wa Hürtgen naye alikuwa na mke, naye alikuwa na hofu. Zaidi ya hayo, kama askari wangejua kwamba mwenye kutoroka hupata kitanda kikavu na chakula cha moto, na mwenye kubaki hupata kaburi, ni wangapi wangebaki?

Hizo ndizo pande mbili za jambo hili, wala hakuna upande usio na uzito. Shida ya kesi ya Slovik haikuwa katika kumwona ana hatia, maana hatia aliikiri. Shida ilikuwa katika mizani: makosa ya namna moja, na adhabu mbali mbali kama mbingu na nchi. Mmoja wa wale maafisa tisa, Benedict Kimmelman, aliandika mwaka 1987 habari za siku ile, akakiri kwamba kumchagua mtu mmoja kati ya maelfu ili awe mfano hakukuwa haki. Tena mfano wenyewe haukufundisha sana, kwa kuwa habari za kifo chake hazikutangazwa kwa watu. Hata mkewe aliarifiwa tu kwamba mumewe amefariki katika hali isiyo ya heshima. Ukweli aliujua mwaka 1953, kwa mwandishi aliyekuwa akichunguza habari hiyo.

WALIOTANGULIA

Habari za Uingereza zaonyesha jinsi mawazo ya watu yalivyobadilika. Katika Vita Kuu ya Kwanza korti za kijeshi za Uingereza zilitoa hukumu za kifo zipatazo 3,000. Waliouawa hasa walikuwa 346, na wengi wao, yaani 266, kosa lao lilikuwa utoro. Mmoja wa waliouawa ni askari Harry Farr, aliyepigwa risasi mwezi wa Oktoba, 1916, kwa kosa la woga. Kabla ya hapo alikuwa amelazwa hospitali miezi kadhaa, akili yake ikiwa imetikiswa na mishindo ya mizinga. Kesi yake ilichukua dakika zipatazo 20. Siku zile wengi hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba mtu aweza kujeruhiwa moyoni na akilini bila kutoka damu. Jeshi la Australia, lililopigana katika mahandaki yale yale, halikumwua hata mtoro mmoja, kwa kuwa sheria ya nchi yao haikuruhusu. Na sifa yao ya ushujaa haikupungua.

Mwaka 1930 Bunge la Uingereza liliondoa adhabu ya kifo kwa makosa ya utoro na woga. Mwaka 2006 likawasamehe askari 306 waliouawa katika vita ile ya kwanza. Binti yake Harry Farr, aliyekuwa mtoto mdogo baba yake alipokufa, aliwahi kuiona siku hiyo akiwa mzee sana. Sheria ilisema kwamba msamaha huo haufuti hukumu zilizotolewa zamani, bali unatambua kwamba watu hao hawakustahili kifo kile.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yatokana na kikosi cha wapagazi wa vita ya mwaka 1914 hata 1918. Mwaka 1917 watu wengi mno walichukuliwa kwa nguvu ili kubeba mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliokufa kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wengi walitoroka njiani. Je, mtu aliyekamatwa shambani kwake, asiyekula kiapo cho chote, wala asiyeambiwa vita ni ya nini, tumwite mtoro kama tunavyomwita askari aliyejiandikisha kwa hiari yake? Sheria ya siku zile iliwaita wote watoro. Lakini mtu mwenye kupima mambo kwa haki ataona kwamba wajibu wa mtu huanza pale alipokubali, na kwamba aliyelazimishwa hana deni sawa na aliyeahidi.

MWISHO WA HABARI

Mwili wa Eddie Slovik ulizikwa Ufaransa, katika sehemu iliyotengwa ya makaburi ya jeshi, pamoja na wauaji na wabakaji walionyongwa. Kaburi lake halikuandikwa jina ila namba tu. Antoinette alidai miaka mingi alipwe bima ya mumewe ya dola 10,000, akanyimwa. Alifariki mwaka 1979 akiwa maskini. Mwaka 1987 mifupa ya Slovik ililetwa Detroit, ikazikwa kando ya mkewe.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1950 iliendelea kuruhusu adhabu ya kifo kwa utoro wakati wa vita. Lakini baada ya Slovik hakuna askari wao mwingine aliyeuawa kwa kosa hilo. Majeshi yalijifunza kwamba hofu haitibiwi kwa risasi. Askari aliyechoka akipumzishwa kwa wakati, akilishwa, akalala, na akawekwa pamoja na wenzake anaowajua, mara nyingi hurudi kazini. Bali asiyejua mtu hata mmoja katika handaki lake, huyo ndiye wa kwanza kukimbia.

Basi tumwite Slovik nani? Alivunja ahadi aliyolazimishwa kuitoa, akawaachia wenzake mzigo uliokuwa wake pia. Hilo halifichiki. Lakini pia hakudanganya, hakuiba silaha, hakwenda kwa adui, wala hakujikata kidole ili apelekwe hospitali. Alisema wazi kwamba hawezi, akapewa nafasi ya kurudi mara tatu, akakataa mara tatu. Ukaidi ulikuwa wake. Bali uzito wa adhabu ulitoka katika msimu ule wa vita, wakati watu walipokuwa wakifa kila saa na wakubwa wakahitaji mfano.

Msomaji aliye na ndugu jeshini, au aliyewahi kushika bunduki yeye mwenyewe, atajua kwamba hofu humpata kila mtu. Tofauti ya askari na askari huonekana katika yale aliyoyafanya na hofu yake; na tofauti ya jeshi na jeshi huonekana katika yale lililomtendea mtu aliyezidiwa nayo.